Tivi ya kununua Mombasa: uliza kwanza mwanga watoka wapi

Swali ninaloulizwa sana kibandani kwangu huku Mwembe Tayari halihusu kutengeneza, lahusu kununua. "Fundi, ninunue sasa ama ningoje hizi mpya zinazokuja?" Kama uliyo nayo bado yaonyesha, ngoja, bei zazidi kushuka. Kama imekufa, nunua, ila ujue umeuziwa kitu gani, maana majina yaliyo kwenye maboksi ni mengi kuliko tofauti zilizomo ndani.

Mimi huipima tivi yoyote, ya leo ama itakayokuja, kwa swali moja: mwanga wake watoka wapi?

Karibu kila tivi utakayoiona kwenye maduka ya Barabara ya Digo na Moi Avenue ni LCD. Iandikwe LED, iandikwe QLED, ukiifungua ni LCD. Nyuma kuna taa. Mbele ya taa kuna kioo chenye fuwele za majimaji, nazo zafanya kazi kama vile vibao vya madirisha ya Mji wa Kale: mwanga uko upande wa pili, kibao ndicho kinachoamua upite kiasi gani. Ubaya wake ni kwamba hakizibi sawasawa. Ndiyo maana ukizima taa za sebuleni usiku, weusi wa tivi ya bei nafuu huwa kijivu. Hii si teknolojia changa. Kampuni ya RCA ya Marekani iliitangaza mwaka 1968, na ilichukua takriban miaka arubaini kuziondoa zile tivi za kichogo sokoni.

LED kwenye boksi ni aina ya taa iliyo nyuma, basi. QLED ni taa zilezile zilizoongezewa utando wa chembe za kwanta, yaani fuwele ndogo mno ambazo ukubwa wake ndio unaoamua zitoe rangi gani. Wanasayansi watatu, Bawendi, Brus na Ekimov, walipewa Nobel ya kemia mwaka 2023 kwa kazi hiyo. Rangi huwa safi zaidi, hilo ni kweli, lakini mwanga bado watoka nyuma na kijivu cha usiku kipo palepale.

Mini-LED ndiyo hatua yenye maana kwa mtu wa kawaida. Badala ya stripu chache, yaani vipande vyembamba vyenye taa kubwakubwa zilizopangwa mstari, nyuma kumejazwa taa ndogondogo, mamia hadi maelfu, zimegawanywa kwa mafungu. Fungu lililo nyuma ya sehemu nyeusi ya picha hupunguzwa au kuzimwa. Kwa hiyo muulize muuzaji: ina mafungu mangapi? Akibabaika, mwambie aweke picha ya maandishi meupe juu ya weusi mtupu, kisha utazame pembezoni mwa herufi. Mafungu yakiwa machache utaona ukungu wa mwanga umezizunguka. Yakiwa mengi, ukungu huo haukusumbui.

Mwaka 2025 Hisense na Samsung walianza kuuza tivi kubwa ajabu, za inchi 116 na 115, ambazo taa zake za nyuma si za rangi moja tena: zimo nyekundu, kijani na buluu, kila moja yajiongoza. Kama waniuliza ni ipi kati ya hizi mpya itakayofika hapa kwanza kwa bei ya kukamatika, naona ni hii. Kioo cha mbele ni kilekile cha LCD, viwanda vyake vipo tayari, na kilichobadilika ni taa tu.

OLED ni ukoo mwingine. Hakuna taa ya nyuma. Kila pikseli, yaani kila kitone cha picha, yajiwakia yenyewe, na ikitakiwa nyeusi yajizima kabisa. Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak waliandika juu yake mwaka 1987, Sony ikatoa tivi ya kwanza ya inchi 11 mwaka 2007, na LG ikaja na ya inchi 55 mwaka 2013. Picha yake usiku haina mshindani, nami siwezi kumdanganya mtu juu ya hilo. Lakini vile vitu vinavyowaka ndani yake huchakaa kwa kutumika, na buluu huchakaa mbele ya wenzake. Ukiacha nembo ya kituo cha habari pembeni kutwa kucha kwa miezi, itabaki imejichora pale hata ukibadilisha stesheni. Wewe mwenye hoteli, au kibanda cha kuonyesha mpira na habari tangu asubuhi hadi usiku wa manane, usiiguse OLED.

Na huku kwetu kuna jambo lingine. Tabaka za OLED huuawa na unyevu na hewa, ndiyo maana kioo chake hufungwa barabara kiwandani. Kikigongwa pembeni kikapata ufa mdogo, basi. LCD ikifa taa, mimi hufungua, nikatoa stripu, nikaweka nyingine, mwenyewe akaenda zake. OLED taa na kioo ni kitu kimoja, hakuna cha kubadilisha ila kioo chote, na bei ya kioo ni kama bei ya tivi.

Watengenezaji nao wanalijua hilo la kuchakaa. Sikuhizi wanapanga tabaka mbili au zaidi za OLED moja juu ya nyingine ili kila tabaka ifanye kazi kidogo na idumu. iPad Pro ya mwaka 2024 imetengenezwa hivyo, na mwaka uliofuata LG ikaleta tivi za tabaka nne. Kama una pesa na chumba chenye giza, hizo ndizo OLED za kungojea mpaka zishuke.

Halafu kuna MicroLED, ambayo wauzaji wengine hupenda kuitaja kwa sauti ya chini kama siri. Wazo ni la OLED, kila pikseli na mwanga wake, lakini vinavyowaka ni vitaa vya LED vya kawaida vilivyofanywa vidogo kupita kiasi, kwa hiyo havichakai haraka wala kuacha alama. Tatizo ni hesabu. Kioo cha 4K kina pikseli 3840 kwa 2160, ambazo ni zaidi ya milioni nane. Kila moja yataka vitaa vitatu. Hivyo ni vitaa takriban milioni 25 vya kupangwa kimoja kimoja mahali pake, na kikikosea kimoja mteja ataona doa. Samsung ilionyesha ukuta wa inchi 146 wa namna hii mwaka 2018, na mpaka leo ni mali ya matajiri. Usizuie pesa zako kwa ajili ya MicroLED.

Tivi ya kukunjwa kama mkeka? Iliwahi kuwepo, LG ilianza kuiuza Korea Kusini mwaka 2020 kwa bei ya won milioni 100. Ya kuonyesha hadi upande wa pili, nayo ipo. Na waliokimbilia tivi za miwani ya 3D waulizwe miwani iko wapi: ilipofika mwaka 2017 kampuni kubwa zote zilikuwa zimeacha kuzitengeneza.

Sasa twende dukani. Chukua flashi, uitie picha nne: nyeupe tupu, kijivu tupu, nyeusi tupu, na picha moja ya watu wenye ngozi zetu. Muuzaji atakuwekea video yake ya matunda na kasuku wa rangi kali, kila tivi hupendeza kwa video hiyo. Wewe mwambie kwa adabu, "Kaka, niwekee flashi yangu," na kabla hajaiweka, atoe tivi kwenye hali ya duka aiweke hali ya nyumbani. Hali ya duka huwasha taa kwa nguvu zote ili ishinde taa za dukani. Wateja wengi huenda nayo hivyohivyo nyumbani, na hiyo ndiyo sababu moja kubwa inayozileta tivi za LED kwangu zikiwa zimeungua stripu kabla ya wakati wake.

Picha nyeupe yakuonyesha pikseli zilizokufa na madoa ya vumbi lililoingia ndani. Tazama pembe zote nne, zikiwa na wekundu au umanjano tofauti na katikati, taka nyingine. Kijivu ndicho kinachofichua mengi: mistari ya kusimama, michirizi, mawingu. Simama mbali hatua tatu nne, usiisogelee. Nyeusi tupu uitazame umekingia mwanga kwa mkono, ili uone taa zinavuja wapi. Ile picha ya watu ni ya kupima rangi. Tivi nyingi zikitoka boksini huwafanya watu weusi wawe wekundu kama waliounguzwa na jua la ufuo wa Pirates, au kijani. Ikirekebika kwenye mipangilio sawa. Isiporekebika, iache.

Baada ya hapo, tembea. Nenda kushoto hadi ukutani, rudi, nenda kulia. Nyumba zetu nyingi hazina makochi yaliyoelekezwa upande mmoja. Kuna magodoro na mito imezunguka chumba, babu kakaa pembeni kabisa na watoto wamelala chini karibu na mlango. Kuna vioo vya LCD viitwavyo VA, vina weusi mzuri lakini ukikaa pembeni picha yafifia kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Kuna viitwavyo IPS, weusi wake si mkali ila pembeni waonekana vilevile kama katikati. Boksi mara nyingi halisemi. Miguu yako ndiyo itakayokuambia. Kwa sebule ya familia kubwa mimi huchagua IPS, hata kama wajuzi wa mtandaoni watanicheka. OLED huonekana vizuri pembeni vilevile.

Usiamini neno HDR, yaani picha ambazo mwanga na giza vyake huachana zaidi, kwenye boksi la tivi rahisi. Maana yake tivi inakubali kupokea picha za namna hiyo, haina maana inaweza kuzionyesha. Taa zikiwa dhaifu, filamu ya HDR hutoka nyeusi kuliko ile ya kawaida, na watu husema tivi mbovu. Vilevile namba za mwendo, yaani kioo hubadilisha picha mara ngapi kwa sekunde (Hz): boksi laweza kuandika 120 au 240 pamoja na jina la kibiashara, na kioo chenyewe kikawa cha 60Hz. Kwa habari na tamthilia 60Hz yatosha. Kijana anayecheza gemu za mpira kwa mashine mpya atafute kioo cha kweli cha 120Hz, chenye mlango wa HDMI 2.1.

Ukubwa nao una hesabu yake, na hii itakuokolea pesa. Tivi ya inchi 55 yenye Full HD, ambayo pikseli zake ni chache kuliko za 4K, mtu mwenye macho mazima akikaa zaidi ya mita mbili na kidogo hawezi kutofautisha pikseli moja na ya pili. Ikiwa ya 4K, umbali huo washuka hadi mita moja na kidogo. Kwa hiyo 4K yafaa kwenye inchi 55 kama mwakaa karibu, na 8K, yenye pikseli nyingi kuliko 4K, ya inchi hiyo ingetaka ukae chini ya mita moja, pua kiooni. Japani shirika la utangazaji la NHK wanarusha matangazo ya 8K tangu Desemba 2018. Hapa kwetu huna utakachokitazama. Kama chumba chako ni kidogo, vile vya kupanga mitaa yetu ya Majengo ama Bangladesh, inchi 32 hadi 43 yatosha, na zilizobaki uweke kwenye gadi nzuri ya umeme.

Kuhusu mitumba: Kenya ilizima mitambo ya analojia mwaka 2015, na matangazo ya angani ni ya mfumo wa dijitali uitwao DVB-T2. Tivi iliyotoka Uingereza mara nyingi inashika moja kwa moja. Iliyotoka Japani ama Marekani ina mfumo mwingine, itahitaji king'amuzi, na mbaya zaidi yaweza kuwa ya volti 100 au 120 peke yake. Geuza nyuma usome kibandiko. Ikiwa imeandikwa 100–240V ni salama. Isipoandikwa hivyo, ukiichomeka kwenye 240 yetu utasikia mlio mmoja tu.

Kibandiko hichohicho chakuambia watti. Tivi ya watti 120 ikiwashwa saa tano kwa siku yala yuniti 0.6, yaani yuniti 18 za token kwa mwezi. Mama mmoja wa Kibokoni alikuja kwangu akiilaumu friji kwa token kwisha. Tulipopunguza mwanga wa tivi yake ya inchi 65 iliyokuwa hali ya duka, friji ikasamehewa.

Umeme wetu ndio muuaji wa kwanza. Stima ikikatika, kinachoua ni kule kurudi kwake. Na waya wa nyutro ukikatika mtaani, volti ndani ya nyumba yaweza kupanda kuelekea 400, hapo hata tivi iliyozimwa kwa rimoti inaungua kwa sababu bado imechomekwa. Nunua gadi inayokata volti ikizidi na inayochelewesha kidogo kabla ya kuruhusu umeme upite tena. Ile soketi ndefu ya matundu sita yenye taa nyekundu si gadi, usidanganywe.

Wa pili ni bahari. Ukikaa Nyali, Shelly Beach, Bamburi, au ghorofani popote unapoguswa na upepo wa kaskazi, chumvi huingia tivini na kukaa kwenye miguu ya vyuma vya bodi. Nikifungua tivi ya nyumba ya ufukweni hukuta kijani cha kutu kwenye viunganishi vya utepe wa kioo, na hapo ndipo mistari ya kusimama inapotokea. Usiitundike ukuta unaotazamana na dirisha la baharini. Acha nafasi ya vidole vinne nyuma yake hewa ipite. Usiifunike kwa kitambaa ikiwa inawaka, najua vitambaa vya kufuma vinapendeza. Na iwashwe kila siku angalau kidogo, hasa msimu wa mvua za masika, kwani joto lake ndilo linaloufukuza unyevu. Nyumba za likizo zinazofungwa miezi mizima ndizo zinazoniletea bodi zilizooza.

Wa tatu ni mjusi. Sitanii. Mjusi kafiri hupenda joto la bodi ya umeme, huingia kwa matundu ya nyuma, hukanyaga penye volti kubwa, na hapo hufa yeye na tivi. Usizibe matundu kwa gundi wala plastiki, tivi itapika. Gundisha kipande cha wavu laini wa dirisha la mbu juu ya matundu, hewa ipite na mjusi abaki nje.

Kwa kompyuta mambo ni tofauti kidogo. Kioo cha kompyuta chatazamwa karibu, kina maandishi, na sehemu nyingi zake hazisogei siku nzima: ule ukanda wa chini, safu za hesabu, kichwa cha waraka. Mhasibu au karani wa kampuni ya mizigo bandarini anayefungua jedwali lilelile kutwa, nampa IPS ya inchi 24 yenye Full HD, au 27 yenye 2560 kwa 1440. OLED kwake itajichora, na baadhi ya vioo vyake hupanga rangi ndani ya pikseli kwa namna inayoweka ukingo wa rangi kwenye herufi ndogo. Kama kioo chakuumiza kichwa, punguza mwanga hadi karibu na chini, kisha kitazame kwa kamera ya simu. Ukiona mistari myeusi ikitembea, taa zake hupunguzwa kwa kuwashwa na kuzimwa haraka, na kuna macho yasiyoivumilia. Tafuta kisichofanya hivyo.

Neno juu ya akili ya tivi. Kioo kizuri kinaweza kudumu miaka kumi, programu zake zitaachwa kusasishwa kabla ya hapo. Siku moja yutubu inakataa kufunguka, na mtu anadhani tivi imeharibika. Nyaya za baharini zinaingia nchini kupitia hapa kwetu tangu mwaka 2009, intaneti ipo, kwa hiyo usinunue tivi kwa sababu ya programu zake. Nunua kioo. Akili itakapozeeka utachomeka kijisanduku kwenye HDMI, mambo yaendelee. Muuzaji akikupigia debe kuhusu AI ndani ya tivi, mrudishe kwenye swali: mwanga watoka wapi, na mafungu mangapi?

Ikifika siku tivi inatoa sauti na haina picha, usikubali kuambiwa kioo kimekufa kabla hujafanya hivi. Zima taa za chumba, iwashe tivi, washa tochi ya simu na uielekeze karibu kabisa na kioo, kwa mshazari. Ukiona kivuli cha picha kikienda ndani, kioo ni kizima, zimekufa taa za nyuma. Ni kazi ya stripu, inatengenezeka. Mwambie fundi abadilishe seti nzima, asibadilishe kitaa kimoja, kisha akupunguzie mkondo wa taa kidogo. Usipoona kitu kwa tochi, au ukaona ufa umetapakaa kama wino, hapo sasa kioo kweli kimeondoka, na pesa ya kukibadilisha iongeze kwenye tivi nyingine. Kipimo hiki hakifanyi kazi kwa OLED, haina taa ya nyuma ya kuimulika.

Ukishanunua, isimamishe wima kwenye tuktuk, na mtu aishike. Usiilaze. Tivi kubwa ikilazwa juu ya kiti, shimo la kwanza la barabarani latosha kupasua kioo. Ukifika, iwashe huku dereva bado yupo na risiti iko mkononi, tia ile flashi ya picha nne tena. Boksi na maboya yake usiyatupe mpaka waranti iishe.